Taa Iliyolala Kabla ya Mwenye Nyumba: Kisa cha Vihisi Mwendo na Swichi za Wi-Fi

Wahusika wameridhia kisa hiki kiandikwe. Majina, mahali na chapa za vifaa nimeviondoa, na maelezo machache ya nyumba nimeyabadilisha. Mfuatano wa matukio na makosa yenyewe nimeyaacha kama yalivyokuwa, yangu yakiwemo.

Mazingira

Mama mwenye umri wa zaidi ya miaka 70 analala peke yake katika nyumba yenye korido ndefu. Chumba chake kiko mwisho mmoja wa korido na choo kiko mwisho wa pili. Swichi ya taa ya korido iko upande wa choo, kwa hiyo mtu huifikia akiwa ameshamaliza kutembea gizani. Mama huamka mara moja au mbili kila usiku. Usiku mmoja alijikwaa. Hakuumia, lakini mwanawe alishtuka kuliko yeye.

Mwana huyo ni mwandishi wa programu, tena hodari, ila kazi yake ni mifumo ya wavuti. Alifunga swichi tatu za Wi-Fi: ya taa ya korido, ya taa ya chooni na ya taa ya pembeni mwa kitanda. Akaweka na vihisi mwendo viwili, kimoja koridoni na kingine chooni. Programu ya simu iliyokuja na vifaa ilikuwa na kanuni ya kuwasha taa mwendo unapoonekana, lakini ilitegemea intaneti, naye alitaka mfumo unaofanya kazi hata intaneti ikikatika. Alitaka pia kanuni ifanye kazi usiku tu. Basi akachukua maktaba ya Python, yaani mkusanyo wa msimbo ulioandikwa tayari, inayozungumza na vifaa hivyo moja kwa moja kwenye mtandao wa ndani, akaiweka kwenye kompyuta ndogo ya ubao mmoja kando ya ruta.

Programu yake ya kwanza haikufika mistari 30. Ilitafuta vifaa, ikajiandikisha kupokea ripoti za vihisi, na kila ripoti ya mwendo ilipokuja ilifanya mambo matatu: iliwasha taa, ikasubiri sekunde 120, ikazima taa. Ukiisoma huoni kosa.

Usiku wa kwanza

Dalili ya kwanza ilionekana mchana. Programu ilipotafuta vifaa vitano ilipata vitatu. Ilipoanzishwa upya ilipata vinne, kisha vitano, kisha vinne tena. Kijana akaongeza muda wa kutafuta kutoka sekunde 5 hadi 15, vyote vikapatikana, akaendelea na kazi. Hakujiuliza kwa nini. Na mimi ningekuwa pale siku hiyo, nadhani nisingejiuliza.

Saa tatu usiku akaanza majaribio. Alitembea koridoni kwenda na kurudi, akainua mikono, akaingia chooni akatoka. Taa iliwaka. Mara mbili tatu ilizimika na kuwaka tena papo hapo, naye akaona ni jambo dogo. Akamuaga mama yake, akaenda kwake.

Asubuhi mama alimpigia simu. "Mwanangu, hiyo taa yako imelala kabla yangu."

Saa nane za usiku alikuwa ametoka chumbani, akasimama koridoni kungoja mwanga alioahidiwa, na mwanga haukuja. Akapapasa ukuta kama siku zote. Kijana alipofungua kumbukumbu za programu, yaani faili inamoandika inachokifanya, hakukuta kosa lolote. Ripoti ya mwisho ya mwendo ilikuwa ya kabla ya saa nne usiku. Baada ya hapo kulikuwa na kimya, na programu ilikuwa bado inaendesha.

Tiba ya kwanza, ambayo ilizidisha ugonjwa

Kijana alifanya ambalo wengi wetu hulifanya, akaweka ratiba ya kuanzisha programu upya kila baada ya dakika 20. Ili taa isibaki imewaka kwa bahati mbaya, akaongeza na kanuni kwamba kihisi kikisema hakuna mwendo, taa zote tatu zizimwe.

Usiku wa pili mama alikuwa kitandani anasoma. Taa ya kitandani ikazimika, akaiwasha. Baada ya dakika 20 ikazimika tena, akaiwasha. Mara ya tatu aliondoa kebo ya kompyuta ndogo kwenye soketi, akasoma hadi usingizi ulipomjia. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora uliofanywa na mtu yeyote katika wiki hiyo.

Nilipoitwa

Nilifika siku ya tatu. Kabla ya kugusa programu niliomba ichomekwe taa ndogo ya usiku koridoni, ile ya kawaida isiyo na mtandao wala akili. Kijana hakuifurahia, kwa sababu ilikuwa kama kukiri kushindwa. Lakini mama angeamka usiku huo huo, na kupata mwanga lilikuwa hitaji lake. Programu lilikuwa hitaji letu sisi wawili.

Uamuzi wangu wa pili ulikuwa kuivua programu mamlaka. Kwa siku tatu ingesikiliza na kuandika tu, isiwashe wala kuzima kitu. Niliitaka iandike kila kifurushi cha data kinachoingia na kutoka, saa yake, na kila onyo ambalo maktaba ilikuwa ikilimeza kimyakimya. Kijana alikuwa ameiwekea programu kiwango cha kuandika makosa makubwa peke yake, na maonyo yote yalikuwa yakitupwa.

Tulichokisikia

Vifaa hivi hutumia UPnP, utaratibu wa vifaa kutafutana na kuzungumza kwenye mtandao wa ndani. Programu hutuma swali kwa anwani ya kundi 239.255.255.250, poti 1900, ikiuliza nani yupo. Kila kifaa hujibu kwa kutaja mahali maelezo yake yanapopatikana. Swali na jibu husafiri kwa UDP, njia ya kutuma ujumbe bila kungoja uthibitisho, na UDP haiahidi kufikisha. Zaidi ya hayo swali hubeba kikomo cha sekunde, na kila kifaa huchagua muda wa kubahatisha ndani ya kikomo hicho ndipo kijibu, ili vyote visijibu kwa pamoja. Anayesikiliza kwa muda mfupi atakosa wachelewaji, na anayeuliza mara moja tu anaweza kukosa yeyote. Kompyuta yenyewe ilikuwa imeunganishwa kwa kebo na kwa Wi-Fi kwa wakati mmoja, na swali lilikuwa likitoka mara kupitia huku, mara kupitia kule. Ruta haikuwa ikipitisha vizuri ujumbe wa kundi kutoka upande wa kebo kwenda upande wa Wi-Fi. Tulizima muunganisho mmoja kati ya hiyo miwili, na kitendawili cha vitatu, vinne, vitano kikaisha.

Kimya cha usiku ndicho kilichonifurahisha kukifuatilia. Ili kupokea ripoti za kihisi, programu hutuma ombi la usajili lenye anwani ya kurudishia majibu, na kifaa hujibu kwa namba ya usajili na muda wake wa kuishi. Hapa muda ulikuwa sekunde 1800. Kabla ya muda huo kwisha ni lazima usajili uhuishwe. Usipohuishwa, kifaa huacha kutuma ripoti bila kuaga.

Maktaba ilikuwa na kazi ya kuhuisha. Lakini ripoti zilizoingia zilipangwa foleni, foleni ilikuwa na mtumishi mmoja, na mtumishi huyo ndiye aliyepewa pia kazi ya kuhuisha usajili. Kila ripoti ya mwendo ilimwambia awashe taa kisha asinzie sekunde 120. Kijana alipokuwa akitembea koridoni kujaribu, kihisi kilituma ripoti baada ya ripoti. Ripoti 15 tu ni nusu saa kamili ya kusinzia. Zile kuzimika na kuwaka papo hapo alizoziona ni foleni ilivyokuwa ikiendelea: taa inazimwa kwa ripoti moja na kuwashwa kwa inayofuata. Foleni ilipokwisha, mtumishi akakumbuka kuhuisha, akatuma namba ya zamani, kifaa kikajibu 412, maana yake usajili huo sikijui. Maktaba ikaandika onyo, na onyo likatupwa.

Kwa maneno mengine, majaribio ya bidii ndiyo yaliyoua mfumo. Angetembea koridoni mara moja tu, labda usiku ule ungepita salama na kosa lingejificha kwa wiki kadhaa.

Taa ya kitandani nayo ilikuwa na maelezo yake. Programu inapojisajili, kifaa hutuma kwanza ripoti ya hali kilivyo wakati huo, yenye namba ya mfuatano 0. Si tukio, ni salamu. Kila programu ilipoanza upya, vihisi vilisalimia kwa kusema "hakuna mwendo", na kanuni mpya ikaisikia salamu kama amri ya kuzima taa zote.

Tulichobadilisha na kwa nini

Kusinzia ndani ya kitendakazi, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi moja, kuliondolewa. Kitendakazi kinachopokea ripoti sasa kinaandika saa ya mwendo wa mwisho na kurudi mara moja. Kitanzi kingine, kinachozunguka kila sekunde, ndicho kinachoamua kama taa izimwe.

```
def ripoti(kihisi, hali, mfuatano):
    ilisikika[kihisi] = saa_ya_kupanda()
    if mfuatano == 0:
        return            # salamu, si tukio
    if hali == 1:
        mwendo[kihisi] = saa_ya_kupanda()
        washa_kama_ni_usiku()
```

Saa ya kupanda ni ile inayohesabu sekunde mbele tu, isiyojali marekebisho ya saa ya ukutani. Kompyuta ndogo ile haikuwa na saa yenye betri. Umeme ukikatika na kurudi, hudhani muda haukupita, hadi itakapoupata muda sahihi mtandaoni. Tuliliona hilo kwa macho yetu: umeme ulirudi usiku, na programu ikaamini kwa dakika kadhaa kwamba ni alasiri na haipaswi kuwasha kitu. Sasa saa ikiwa haijathibitishwa, programu huchukulia kuwa ni usiku.

Kuhuisha usajili kulihamishiwa kwenye uzi wake peke yake, yaani mtumishi wake asiyengoja wengine, nusu ya muda kabla ya kwisha. Jibu likiwa 412, programu haing'ang'anii namba ya zamani, inajisajili upya.

Vifaa tuliacha kuvitambua kwa anwani. Baada ya umeme kukatika, swichi moja ilirudi ikiwa na poti tofauti na ile programu iliyokuwa imeikariri. Tulihifadhi anwani za IP kwenye ruta, na programu ikafundishwa kukitambua kifaa kwa kitambulisho chake cha kudumu, na kukitafuta upya pale kisipojibu.

Suala lililotuchukua muda mrefu kuliko yote halikuwa la mtandao. Kihisi cha aina hii hakioni mtu. Kinaona tofauti ya joto la miale isiyoonekana inapohama kutoka kipande kimoja cha lenzi hadi kingine. Mtu aliyetulia, kwa kihisi hicho, ni kama kiti. Katika siku zile tatu za kusikiliza tuliona mama akiingia chooni, mwendo ukionekana, kisha kimya cha zaidi ya dakika nne, kisha mwendo wa kutoka. Kwa kanuni ya sekunde 120 angezimiwa taa akiwa ameketi.

Kijana alipendekeza muda uongezwe hadi dakika 10. Nilipinga, labda kwa ukali kuliko ilivyostahili. Muda mrefu hausaidii kujua, unaahirisha tu kukosea. Tulichoafikiana ni kanuni inayotegemea mpangilio wa nyumba, kwa kuwa choo kina mlango mmoja nao unafungukia koridoni. Kama mwendo wa mwisho umeonekana chooni, na korido haijaona mtu tangu hapo, basi kuna mtu ndani, hata kama kihisi kimenyamaza. Taa zote mbili hubaki zimewaka, kwa kikomo cha dakika 40. Taa ya kitandani tuliitoa kabisa kwenye programu. Hakuna aliyekuwa ameomba iendeshwe na kompyuta.

Usiku wa kukonyeza

Tuliirudishia programu mamlaka siku ya saba. Usiku huo mama alienda chooni, akarudi, taa ikazimika kama ilivyotakiwa. Sekunde chache baadaye ikawaka. Ikazimika baada ya dakika mbili, ikawaka tena. Iliendelea hivyo hadi alfajiri, na mama alisema ni kama kuna mtu anamkonyeza kupitia upenyo wa mlango.

Hili lilikuwa kosa langu. Taa ya korido ilikuwa ya ukutani, yenye balbu ya zamani ya waya unaopata moto, na mimi ndiye niliyekihamisha kihisi ili kikabili njia kwa ubavu, maana kihisi cha aina hii humwona vizuri zaidi anayekatiza mbele yake kuliko anayekijia usoni. Kwa kukihamisha nikaiingiza balbu ndani ya eneo lake. Taa ikizimwa, kioo kinapoa haraka, na kwa kihisi joto linaloshuka ghafla linafanana na kiumbe anayeondoka. Siku tatu za kusikiliza hazikutuonyesha hili kwa sababu kihisi kilikuwa bado mahali pake pa awali. Tulibadilisha balbu kwa ya LED, tukageuza kihisi kidogo, na tukaiambia programu ipuuze ripoti za korido kwa sekunde 5 baada ya kuzima. Kinga hiyo ya mwisho siipendi, kwani ndani ya sekunde hizo mtu wa kweli anaweza kupita. Tumeiacha ifanye kazi pale tu mwendo wa mwisho ulipokuwa umeonekana koridoni, si chooni.

Jambo ambalo hatukulitarajia

Tulipokuwa tukipitia kumbukumbu mezani, mama alitusikia tukitaja saa. Akauliza, "Kwa hiyo mnajua nimeamka mara ngapi?"

Tulijua. Tulijua saa, dakika, na muda aliokaa. Sisi wawili tulikuwa tumeliita faili lile kumbukumbu za majaribio, kumbe lilikuwa taarifa za mwili wa mtu. Na kijana alikuwa ameshafungua njia ya kulisoma akiwa kwake. Mama hakukasirika, alisema tu kwamba angependa kuambiwa kabla. Njia ile ilifungwa. Kumbukumbu za mwendo sasa hufutwa baada ya siku 2, na zinazobaki ni za afya ya mfumo tu: usajili umehuishwa, swichi imejibu, swichi haikujibu.

Hapo hapo tulitazama usalama. Vifaa vyenyewe haviulizi neno la siri, na yeyote aliye kwenye mtandao wa ndani anaweza kuvitumia. Utaratibu wa usajili nao una historia yake: udhaifu uliotangazwa mwaka 2020 kwa jina la CallStranger, wenye namba ya orodha ya udhaifu CVE-2020-12695, ulitokana na anwani ile ya kurudishia majibu, ambayo mshambuliaji angeweza kuielekeza popote. Tulihakikisha ruta haifungui poti yoyote ya vifaa hivi kwa nje. Wazo la kuvihamishia kwenye Wi-Fi ya wageni lilishindikana kwa sababu mtandao wa wageni huzuia vifaa kuonana, na programu isingevipata.

Matokeo

Mfumo umekuwa ukifanya kazi kwa miezi kadhaa sasa. Mara mbili swichi ya korido imegoma kujibu hadi ilipozimwa kwenye umeme na kuwashwa, na sababu hatujaipata. Tofauti ni kwamba mara zote mbili programu iligundua yenyewe ndani ya dakika chache na kumtumia kijana ujumbe, badala ya mama kugundua kwa miguu yake.

Uchambuzi

Nikiyatazama makosa yale kwa pamoja, karibu yote yalikuwa ya kutafsiri kimya. Programu ya kwanza ilipokosa ripoti iliamini kwamba hakuna mwendo, na ikaamini kwamba kukosekana kwa mwendo ni kukosekana kwa mtu. Kumbe kimya kile kingeweza kuwa na maana tatu: korido ni tupu, mtu ametulia, au kihisi hakizungumzi nasi tena. Maktaba haikuwa na njia ya kuzitofautisha, kwa sababu haikuulizwa. Ndiyo maana programu mpya ina daftari la lini kila kihisi kilisikika mara ya mwisho, hata kwa salamu tu. Kila usajili unapohuishwa, kihisi huhesabiwa kuwa hai. Kisipohuishika, programu huacha kuamini kimya chake na kuiwasha taa ya korido usiku kucha. Umeme kidogo unapotea, nasi tumekubali upotee.

Kusikiliza bila kuendesha ndiko kulikotuokolea muda, ingawa kijana aliona siku tatu ni nyingi. Bila siku zile tungeongeza sekunde hapa na pale. Lakini kusikiliza kulifanyika kabla ya kuhamisha kihisi, na nilipokihamisha sikurudia. Hilo ndilo lililozaa usiku wa kukonyeza.

Kuhusu maktaba yenyewe, sina ugomvi nayo. Inafanya inachosema. Shida ni kwamba mistari mitatu ya kuwasha taa inaficha mkataba mzima: usajili unaokufa, ripoti inayoweza kupotea njiani, kifaa kinachohama poti. Mtu wa wavuti amezoea kuuliza na kujibiwa. Hapa anayeanza kusema ni kifaa, na kikinyamaza hakuna ukurasa wa kosa.

Tiba ya kuanzisha upya kila dakika 20 nimeiona kwenye mifumo mikubwa kuliko huu, na sisemi haina mahali pake. Hapa ilishindwa kwa sababu kila mwanzo ulikuwa na gharama ambayo hakuna aliyeihesabu: utafutaji mpya unaoweza kukosa kifaa, na salamu mpya zinazoweza kusikika kama amri.

Mwezi uliopita kijana aliniuliza kama sasa tunaweza kuiondoa ile taa ndogo ya usiku tuliyoichomeka siku ya tatu, maana inaharibu sura ya korido. Nilimwambia akamuulize mama. Alimuuliza, na taa bado iko pale.